Kuzoea kibodi ya laptopu mpya: mashine kwanza, vidole baadaye

Aliyezoea kibodi moja kwa miaka akihamia nyingine hukutana na tofauti tatu kwa mpigo. Vitufe vimepangwa vingine, mikono inakaa mahali pengine, na kitufe chenyewe kinabonyea kwa kina na uzito usiouzoea. Zikichanganyika huonekana kama tatizo moja kubwa, na wengi hulijibu kwa kubonyeza kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo mkono unapoanza kuuma na makosa yanapozidi.

Zitenganishe. Ya kwanza hutatuliwa ndani ya mashine, ya pili kwenye meza na kiti. Ni ya tatu tu inayodai mazoezi ya vidole. Fuata utaratibu huohuo, maana ukianza na mazoezi kabla ya kurekebisha mpangilio, utavifundisha vidole jambo ambalo wiki ijayo utalazimika kulifuta.

1. Jua kibodi ilitengenezewa nchi gani

Laptopu zilizotumika zinazouzwa madukani Kampala hutoka nchi mbalimbali, na kila moja huja na kibodi ya kwao. Kabla ya kulipa, tazama vitu vitatu: Enter, Shift ya kushoto na kitufe cha 2.

Enter iliyosimama ikashika safu mbili, pamoja na Shift fupi ya kushoto yenye kitufe kidogo kati yake na Z, ni umbo la Uingereza na Ulaya. Enter iliyolala kwenye safu moja na Shift ndefu ya kushoto ni umbo la Marekani. Kisha angalia alama iliyo juu ya 2. Ukiona @, mpangilio ni wa Marekani. Ukiona alama ya mtajo, yaani ", ni wa Uingereza, na juu ya 3 utakuta £ badala ya #.

Safu ya juu ya herufi ikianza QWERTZ, mashine ni ya Ujerumani au majirani zake. Kwa mwandishi wa Kiswahili hiyo ni taabu ya pekee, kwa sababu Y na Z zimebadilishana nafasi na sisi tunazitumia zote mbili kila sentensi. "Ziwa" linatoka "yiwa", na "yeye" linatoka "zeze", ambalo kikagua tahajia hakitalikamata kwa kuwa zeze ni neno halali. Ritifaa ya "ng'ombe" nayo imehamia kwenye kitufe cha #, na inataka Shift. Ikianza AZERTY, ni ya Ufaransa au Ubelgiji: A imekaa pa Q, W imekaa pa Z, M imesogea kulia kwa L, na tarakimu zote zinataka Shift. Usinunue AZERTY kama hukujifunzia juu yake, hata bei ikivutia, isipokuwa unachapa bila kutazama vitufe na uko tayari kupuuza maandishi yaliyo juu yake.

Mpangilio wa herufi unaweza kubadilishwa bila kugusa kitufe hata kimoja. Kwenye Windows 11 fungua Settings, nenda Time & language, kisha Language & region. Bonyeza nukta tatu mbele ya lugha unayotumia, chagua Language options, halafu Add a keyboard. Chagua ule ambao vidole vyako vinaujua. Ukimaliza, ondoa mipangilio mingine yote kwenye orodha hiyo. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo chanzo cha ile hali ya @ kugeuka " ghafla katikati ya kazi: kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi hubadilisha mpangilio, na ni rahisi kuvigusa bila kukusudia. Ukibaki na mpangilio mmoja, hakuna cha kubadilika.

Tahadhari moja kuhusu nywila. Ukiiweka nywila yenye @ au # chini ya mpangilio mmoja kisha ukabadilisha mpangilio, utafungiwa nje ya mashine yako ukidhani umeisahau. Kila unapobadili mpangilio, ichape kwanza mahali inapoonekana, uhakikishe inatoka sawa, kisha uifute.

2. Shughulikia vitufe vilivyohama

Programu hubadilisha herufi, lakini haiwezi kurefusha Shift. Aliyezoea umbo la Marekani akihamia la Uingereza hukosea kwa namna moja kila mara: kidole kidogo cha kushoto kinafuata Shift, kinaangukia kile kitufe kidogo cha jirani, na "Kampala" inatoka "\kampala". Upande wa kulia, kidole kinachotafuta Enter kinapata #, kwa kuwa Enter imesogea mbali kwa kitufe kizima.

Tiba ya upande wa kushoto ipo. Pakua PowerToys, programu ya bure ya Microsoft, fungua Keyboard Manager, na ukigeuze kitufe cha \ kiwe Shift ya kushoto. Fahamu tu kwamba mabadiliko hayo hufanya kazi ukiwa umeshaingia. Kwenye skrini ya kuandikia nywila, kitufe kitakuwa kama kilivyotoka kiwandani.

Kona ya chini kushoto pia itazame. Kwenye baadhi ya laptopu, ThinkPad nyingi zikiwemo, Fn ndiyo iliyokaa pembeni kabisa na Ctrl imesukumwa ndani. Unataka kunakili, hakitokei kitu. ThinkPad hukuruhusu kubadilishana vitufe hivyo viwili kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguliwa mashine inapowaka, au kwenye programu ya Lenovo Vantage. Na kama F2 inapunguza mwanga wa skrini badala ya kubadilisha jina la faili, jaribu Fn pamoja na Esc. Kwenye mashine nyingi za Dell na Lenovo hiyo ndiyo swichi. Kwa HP, mara nyingi utaikuta kwenye BIOS kwa jina la Action Keys Mode.

3. Ondoa mambo yanayojifanya kuwa kibodi mbaya

Yapo matatu, na yote hukaguliwa kwa dakika tano.

Filter Keys. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows hukuuliza kama unataka kuiwasha, na mtu mwenye haraka hukubali bila kusoma. Kuanzia hapo mashine inapuuza mibonyezo ya haraka, na kibodi inaonekana imekufa ganzi. Nenda Settings, Accessibility, Keyboard, hakikisha imezimwa.

Kasi ya kurudia herufi. Bonyeza Windows na R, andika "control keyboard", kisha Enter. Utaona Repeat delay, muda ambao kitufe kilichoshikiliwa husubiri kabla ya kuanza kujirudia. Unaanzia takribani robo sekunde hadi sekunde nzima. Kwa wiki za mwanzo usogeze upande wa Long, hasa ukiona "aaa" zinajitokeza ukiwa umelaza vidole tu.

Tachipadi. Kwenye laptopu mpya nyingi ni pana, na sehemu ya chini ya dole gumba inaigusa. Kishale kinaruka mistari mitatu juu, sentensi yako inaendelea ndani ya aya nyingine. Punguza wepesi wake: Settings, Bluetooth & devices, Touchpad, Taps, kisha chagua Low sensitivity. Ikiendelea, zima kabisa kubofya kwa kugusa, utumie kubonyeza.

4. Keti mbele ya herufi, usikae mbele ya skrini

Laptopu ya inchi 15.6 mara nyingi ina vitufe vya tarakimu upande wa kulia. Nguzo zake nne husukuma herufi zote kushoto, sentimita 3 hadi 4 kutoka katikati ya skrini. Ukikaa sawa na skrini, mkono wa kushoto utanyooka na wa kulia utajikunja kiunoni, na vidole vya kulia vitakuwa vinakosea kwa safu nzima. Sogeza mashine kulia mpaka kitufe cha B kiwe mbele ya kitovu chako. Skrini itaonekana imekwenda kando kidogo. Macho huzoea hilo upesi, viwiko havizoei.

Kiwiko kiwe karibu na pembe mraba, kifundo cha mkono kisipinde juu wala pembeni. Meza nyingi za kulia chakula ni za juu mno kwa kuchapia. Ni rahisi kuinua kiti kwa mto kuliko kukata miguu ya meza. Ukichapa laptopu ikiwa mapajani, kibodi hubonyea katikati na vitufe vinahisi laini kuliko vilivyo. Kwa hiyo siku za kuzoea, chapa mezani.

Halafu tafuta nundu. F na J zina vistari vidogo vilivyoinuka, na vidole viwili vya shahada hukaa hapo. Kwenye baadhi ya mashine nundu hizo ni hafifu kiasi cha kutohisiwa na kidole. Kata kipande cha selotepu cha milimita 3 kwa 10, kikunje mara mbili, ukibandike ukingo wa chini wa F na wa J. Utakiondoa baada ya wiki mbili.

5. Fahamu kitufe kinavyofanya kazi chini ya kidole

Umbali kutoka kiini cha kitufe hadi kiini cha jirani yake, kwenye kibodi kubwa nyingi, ni milimita 19. Laptopu nyingi hufuata kipimo hichohicho, ndogo zikipunguza kidogo. Tofauti kubwa iko kwenye kina. Kitufe cha kibodi ya kawaida ya mezani hushuka milimita 3.5 hadi 4. Cha laptopu hushuka 1 hadi 1.8. Apple ilifika chini zaidi kwenye MacBook za kuanzia 2015, kisha mnamo Novemba 2019, na MacBook Pro ya inchi 16, ikarudi kwenye milimita 1 na mfumo wa zamani, ule wa mkasi ulioelezwa hapa chini, baada ya malalamiko mengi ya vitufe kukwama.

Chini ya kofia ya kitufe kuna vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi. Kazi yake ni kukishusha kitufe kikiwa sawa hata ukikigusa pembeni. Katikati yake kuna kikombe cha mpira. Unapobonyeza, mpira hukaza kwanza, kisha hukunjamana ghafla, na karibu na mwisho wa safari tabaka za plastiki zilizo chini hugusana na herufi inaandikwa. Kule kukunjamana ndiko kidole kinapaswa kukusikia. Ukikihisi, kazi imekwisha, inua.

Mkono uliolelewa na kibodi yenye kina una mazoea ya kuendelea kusukuma baada ya hapo. Zamani milimita mbili zilizobaki zilimeza nguvu hiyo. Sasa hakuna kitu cha kuimeza ila bati lililo chini, na mshtuko wake hurudi kwenye ncha ya kidole maelfu ya mara kwa siku. Mkono uliozoea simu una kasoro ya kinyume: hugusa kioo bila kusukuma, hivyo herufi hazitoki kabisa, na mwenye mkono huanza kugonga kwa hasira.

Sasa, kwa Kiswahili tatizo hili lina makao yake maalumu: herufi A. Ndiyo herufi yetu iliyozagaa kuliko zote, na kwenye QWERTY, yaani mpangilio wa Marekani na Uingereza, imekaa chini ya kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu. Hesabu "wanapatana": herufi kumi, tano ni A. Mwandishi wa Kiingereza hakitumikishi kidole hicho kiasi hiki, ndiyo maana mazoezi ya bure ya mtandaoni, ambayo mengi ni ya Kiingereza, hayatoshi.

Kibaya zaidi ni A mbili zinazofuatana. Kitufe lazima kipande tena kabla ya kubonyezwa mara ya pili, na kidole kichovu hakiinuki vya kutosha. "Saa" inakuwa "sa", "baada" inakuwa "bada". Hizo utaziona. Lakini "wamekataa" likigeuka "wamekata", umebaki na neno sahihi lenye maana nyingine, na barua ya mkutano itasema wanakijiji wameukata mradi wakati wameukataa. Kila unapomaliza waraka katika wiki hizi za mwanzo, usitegemee kikagua tahajia. Pitia kwa macho maneno yote yenye aa, ukianzia na vitenzi.

6. Mazoezi

Dakika 15 asubuhi, 15 jioni, kwa wiki mbili. Muda mrefu zaidi haukuharakishi, unachosha tu kidole kidogo na kukirudisha kwenye mazoea ya zamani.

Siku tatu za kwanza fanya polepole kuliko unavyoona inafaa. Chapa neno moja kila sekunde mbili, ukisikiliza kukunjamana kwa mpira na kuinua kidole papo hapo. Anza na mistari hii, kila mmoja mara kumi:

saa taa kaa baa jaa faa zaa
kata kataa, baada, maana, taarifa, mtaa, hadaa
anapakata alama, wanapatana kazi, hawakukataa walikata
ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'ang'ania, king'ora

Usitazame vitufe. Kosa likitokea, usikimbilie Backspace: acha lilivyo, maliza mstari, kisha rudi uone ni kidole gani. Makosa yakiwa ya kidole kimoja, umepata pa kufanyia kazi. Yakiwa ya mkono mzima, rudi hatua ya 4, umekaa vibaya.

Siku ya nne ongeza Shift, na hapa majina ya miji yetu yanagawanyika vizuri. Kampala, Jinja, Mbale, Lira, Hoima, Kabale na Masaka huanza kwa herufi ya mkono wa kulia, kwa hiyo Shift ni ya kushoto. Arua, Gulu, Soroti, Tororo, Entebbe na Fort Portal, kwa herufi ya kwanza, hutaka Shift ya kulia. Wachapaji wengi hutumia Shift moja tu kwa kila kitu, na mkono mmoja hujikunja kuifuata herufi iliyo jirani yake. Kibodi mpya ni nafasi nzuri ya kuacha tabia hiyo, maana mazoea tayari yametikiswa.

Kisha tarakimu, kwa kiasi cha fedha unachoandika kila siku: Sh 25,000, Sh 140,000, Sh 3,650,000. Sufuri nyingi mfululizo ni kipimo kizuri cha kuinua kidole.

Pima maendeleo kwa herufi, usipime kwa maneno. Vipimo vya mtandaoni huhesabu mibonyezo mitano kuwa neno moja, na maneno yetu ni marefu kuliko hapo, hivyo ukihesabu maneno halisi utajiona mzito bila sababu. Chapa kwa dakika 5 kwenye Word, tazama idadi ya herufi pamoja na nafasi, igawe kwa 5. Hiyo ni kasi yako: herufi kwa dakika. Hesabu makosa pia. Yakizidi 3 katika kila herufi 100, punguza kasi siku inayofuata. Usiongeze.

Ikiwezekana, usirudi kwenye laptopu ya zamani katika siku kumi za kwanza. Kama ofisini ni lazima, anza kila kikao kwa kuchapa mstari wa "saa taa kaa" kabla ya kazi yenyewe, mkono ujue uko wapi.

7. Vumbi, vifuniko na mwasho wa umeme

Kifuniko cha silikoni kinaonekana busara kwa vumbi letu jekundu la kiangazi. Lakini kinaongeza uzito kwenye kila kitufe, kinafuta ile hisia ya mpira kukunjamana, na kwenye mashine zinazovuta hewa kupitia kibodi huziba njia ya kupoza. Ukikitaka, kiweke wakati mashine imezimwa, ukiondoe unapochapa. Vumbi lililoingia litoe kwa kuinamisha laptopu karibu wima na kupuliza hewa ya kopo kwa mistari, kushoto kwenda kulia. Jasho na mafuta ya vidole yafute kwa kitambaa kilicholoanishwa kidogo kwa alkoholi ya asilimia 70, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Usinyunyizie moja kwa moja.

Laptopu ya chuma ikikuwasha viganjani wakati wa kuchaji, angalia plagi. Soketi zetu ni za matundu matatu, na la juu ni la ethi. Chaja yenye waya wa pini tatu ikichomekwa kupitia adapta ya pini mbili, mvujo mdogo wa umeme wa chaja hauna njia ya kwenda ardhini, unapitia kwako. Tumia waya wenye pini tatu halisi, kwenye soketi yenye ethi iliyounganishwa. Watu wengi huinua viganja kuukwepa mwasho huo bila kujua, kisha wanalaumu kibodi kwa maumivu ya mabega.

8. Kosa likiwa la mashine

Fungua Notepad, bonyeza kila kitufe mara 20 polepole, katikati yake, kisha mara 10 kwenye kona. Kitufe kinachoruka hata mara moja ukiwa umekibonyeza katikati kina hitilafu, mazoezi hayatakiponya. Vivyo hivyo kinachoandika mara mbili kwa mbonyezo mmoja. Kitufe cha nafasi kijaribu kwenye ncha zote mbili: kina waya mwembamba chini yake unaosawazisha, na ukiwa umepinda upande mmoja haupokei.

Fanya jaribio hilo dukani kabla ya kulipa, au kubaliana na muuzaji siku za kurudisha na akuandikie kwenye risiti. Usichokoe kofia ya kitufe kwa bisibisi ili uone kilicho chini, hasa ya kitufe cha nafasi. Ndoano za ule mkasi ni nyembamba na zikikatika hazigundiki. Fundi akikuambia kibodi nzima ibadilishwe, muulize kwanza kama imefungwa kwa skrubu au imebanwa kwa riveti za plastiki kwenye ganda la juu. Ya riveti hudai kufungua mashine yote, mara nyingine kununua ganda zima, na gharama hubadilika sana.

Kwa anayechapa kutwa, kama wafanyakazi wa vibanda vya Wandegeya wanaochapa kazi za wanafunzi au wapangaji wa maandishi wa Nasser Road jijini Kampala, kibodi ya USB ya mezani ni matumizi yenye maana. Inua laptopu juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, weka kibodi ya nje mbele yako, na ile ya laptopu iache kwa safari. Chagua tu ya nje yenye mpangilio uleule uliouchagua hatua ya 1, ili vidole visiwe na kamusi mbili.